Wimbo na Jiwe: Kwaya ya Old Moshi Mjini Leipzig

Mimi ni mhazini wa kwaya, kwa hiyo safari hii naianza pale ilipoanzia hasa: kwenye daftari. Kwa miaka mitatu, kila Jumamosi baada ya mazoezi, watu 26 walipita mezani kwangu wakiacha walichojaliwa. Mwenye mshahara aliacha noti, mwenye ng'ombe aliacha fedha ya maziwa, na bibi mmoja wa sauti ya kwanza alileta mkungu wa ndizi kila mwisho wa mwezi, tuupige mnada nje ya kanisa. Nimeandika yote, hadi ndizi.

Usharika wetu uko Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wamishenari wa Leipzig walifungua kituo hapo mwaka 1896, miaka mitatu baada ya wenzao kufika Machame. Walikuja na Biblia, dawa, shule, na sanduku la nyimbo. Bibi zetu waliziimba nyimbo hizo kwa Kichaga, sisi tunaziimba kwa Kiswahili, na hadi leo sehemu kubwa ya kitabu chetu cha nyimbo ni korale za Kijerumani. Kwa hiyo ulipofika mwaliko wa usharika rafiki ulioko kusini mwa Leipzig, sisi tuliona ni kama mjukuu anaitwa nyumbani kwa babu.

Barua ilikuwa ya upendo, ila ilikuwa na mstari mmoja uliotugawa. Wenyeji waliomba tuje na nyimbo za Kiafrika, na tusisahau ngoma. Mwalimu wa kwaya aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Na hizi za kitabuni ni za nani?" aliuliza.

Hakuna aliyemjibu. Vijana walifurahi, maana wao ngoma na mapambio ndiyo uhai. Wazee walinuna. Mwisho tukakubaliana nusu kwa nusu: nyimbo saba za ngoma, korale saba za sauti nne. Swali la Mwalimu tukaliweka kwenye mizigo pamoja na sare.

Makaratasi sitayasimulia kwa urefu, aliyewahi kuomba viza anayajua. Nitaje moja tu: kila msafiri alitakiwa kuwa na bima ya matibabu isiyopungua Euro 30,000. Wakati ule Euro moja ilikuwa karibu shilingi 2,800. Nilipomaliza kuzidisha, Mwenyekiti alishika kichwa. "Mama mhazini," akasema, "kumbe tukiugua kule tuna thamani kuliko tukiwa wazima hapa!" Wawili wakabaki, mmoja mkewe alikuwa anakaribia kujifungua, mwingine hati yake ya kusafiria ilichelewa. Tukawa 24 na Mchungaji wa 25.

Tuliondoka KIA usiku wa tarehe 12 Juni 2024, tukabadili ndege Istanbul, na kesho yake tukatua Berlin. Ngoma zetu tatu zilifika salama. Basi likatuchukua kuelekea kusini. Kinachomshtua mtu wa mlimani katika nchi ile ni kwamba macho hayana mahali pa kuegemea. Unatazama mashamba ya ngano mpaka yanapokutana na mbingu, na hakuna kilima cha kukuambia kaskazini ni wapi. Mzee mmoja wa besi alishinda njia nzima akitafuta mlima dirishani, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Tuligawanywa kwenye nyumba za waumini. Mimi nilipewa bibi mmoja, muuguzi mstaafu, aishiye peke yake na paka. Alikulia katika Ujerumani Mashariki, hivyo shuleni alifundishwa Kirusi. Mimi nilifundishwa Kiingereza. Tukakutana katikati kwa mikono na vicheko. Jioni alitandika meza: mkate mweusi mgumu, jibini, soseji baridi, matango ya siki. Nilikula kidogo kwa adabu, nikingoja chakula kije. Baada ya muda alianza kukusanya sahani, ndipo nikafahamu kwamba chakula ndicho kilikuwa hicho. Saa tatu usiku jua lilikuwa bado linawaka ukutani, na mimi kitandani nimejifunika shuka usoni kama mtoto anayelazimishwa kulala mchana.

Ijumaa tarehe 14 tulikuwa na mazoezi ya kwanza ya pamoja na kwaya ya wenyeji. Muda uliwahishwa ili watu wawahi nyumbani: saa tatu usiku Ujerumani ilifungua mashindano ya mpira ya Ulaya dhidi ya Uskoti. Tulianza na wimbo tuliodhani hautakuwa na shida, ule wa Martin Luther unaomlinganisha Mungu na ngome. Wao kwa Kijerumani, sisi kwa Kiswahili, kinanda kinaongoza. Tangu utotoni naujua. Ningeweza kuuimba usingizini.

Mstari wa kwanza haujaisha, wakatuacha. Kinanda kilikimbia, wao wakakimbia nacho, na sisi tukabaki nyuma tukiburuta kila neno kwa uzito wake, kama tunavyoimba nyumbani. Walipofika mwisho wa ubeti, sisi tulikuwa tumebakiza mstari na nusu. Tukaumaliza peke yetu, maana Mwalimu hakushusha mkono. Kanisa likawa kimya. Nilisikia aibu ikinipanda shingoni: tumevuka bahari kuja kuimba wimbo wao, na hatuujui!

Mpiga kinanda wao, mwanamama mwenye nywele fupi, aliinuka, akatushukia kutoka ghorofani kilikokaa kinanda chake. Nilidhani anakuja kutusahihisha. Akamwomba Mchungaji wetu, aliyewahi kusoma huko, amtafsirie. Akasema tuuimbe tena, bila wao.

Tuliuimba wote. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akatueleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia kanisani wala shuleni. Siku za Luther, alisema, korale hizi zilikuwa na mwendo mwepesi, noti ndefu na fupi zikichanganyika kama hatua za mtu anayecheza. Baadaye, hasa katika karne ya 18 na 19, noti zikasawazishwa, mwendo ukawa wa taratibu, na kanisa zima likaimba kwa kuvuta. Huo ndio wimbo uliosafiri na wamishenari hadi Kilimanjaro. Kisha Wajerumani wenyewe wakabadilika: kitabu cha nyimbo walichokitoa mwaka 1950 kilirudisha mwendo wa zamani za Luther, na ule wa kuvuta ukafifia.

"Mnaimba kama babu wa babu yangu," alisema. "Nimeusoma mwendo huu vitabuni. Leo ndiyo kwanza nausikia."

Mwalimu wetu si mtu wa kucheka ovyo, lakini siku hiyo meno yalionekana. Wakakubaliana: ubeti wa kwanza kwa mwendo wa mlimani, wa pili kwa mwendo wao, na wa mwisho tuimbe wote, tukisubiriana kwenye vituo. Haikuwa rahisi. Sauti ya tatu walijikwaa mara nne. Lakini tulipotoka nilikuwa nimepata nusu ya jibu la swali la Mwalimu. Mgomba asili yake ni Asia, wataalamu wanasema. Nenda basi kamwambie mama wa Kibosho kwamba mtori si chakula chake! Kitu ukikilima, ukakitia mbolea, ukakila msibani na harusini kwa zaidi ya miaka mia, hakiulizwi tena kilitoka wapi. Na usiku ule Ujerumani walishinda 5–1, kwa hiyo kila mtu alilala na furaha yake.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya matembezi. Jumatatu tulikwenda Wittenberg, kama kilomita 70 kutoka Leipzig, mahali ambapo mwaka 1517 Luther alitoa hoja zake 95. Vijana walipiga picha mbele ya milango ya Kanisa la Ngome. Ile ya mbao iliungua mwaka 1760, na iliyopo ni ya shaba nyeusi, imewekwa mwaka 1858, hoja zote zimechongwa juu yake kwa Kilatini. Ndani tuliona kaburi la Luther, dogo kuliko tulivyotarajia, tukasimama hapo na kuomba.

Lakini kilichonikaa moyoni ni kitu cha nje ya kanisa la mjini, alikokuwa akihubiri. Juu ya ukuta kuna sanamu ya mawe ya karne ya 13 inayowatukana Wayahudi, matusi ambayo sitayaeleza hapa. Luther mwenyewe uzeeni aliandika maneno makali dhidi yao. Mwaka 1988 waumini waliweka bamba la ukumbusho ardhini, chini yake. Kuna aliyeshtaki akitaka sanamu iondolewe, kesi ikafika mahakama ya juu, na mwaka 2022 ikaamuliwa inaweza kubaki. Mama mmoja wa kwaya aliuliza kwa nini wasiivunje tu. Mchungaji alifikiri, akasema, "Wengine wanaona ni afadhali dhambi ibaki wazi, na ukweli uandikwe chini yake." Hatukukubaliana wote. Tulibishana ndani ya treni mpaka abiria mmoja akatuonyesha kibandiko cha behewa la kimya.

Ijumaa tarehe 21 ilikuwa zamu ya Leipzig yenyewe. Siku hiyo Uholanzi ilicheza na Ufaransa mjini humo, na tangu asubuhi mitaa ilikuwa rangi ya chungwa. Sasa, sare yetu ya pili ni kitenge, na kitenge hicho, kwa uamuzi wa kamati iliyokaa Moshi bila kujua lolote kuhusu mpira, ni rangi ya chungwa. Tulipotokeza tu kwenye uwanja wa soko, Waholanzi walitupokea kwa shangwe kama jeshi la akiba. Wakataka wimbo. Mwalimu akakataa, Mwenyekiti akakubali, na vijana walikuwa tayari wameanza pambio. Ngoma hatukuwa nayo, ila mikono ya Waholanzi ilitosha. Mechi iliisha bila bao. Kwa maoni yetu siku hiyo tulishinda sisi.

Kutoka hapo tulitembea hadi Kanisa la Mtakatifu Thomas. Hapa ndipo Johann Sebastian Bach alipokuwa mwalimu wa muziki kuanzia mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Kwaya ya wavulana wa kanisa hilo ilianzishwa mwaka 1212, na Bach alikuwa mmoja tu wa walimu wake wengi. Mwaka huo wa safari yetu mji ulikuwa ukikumbuka miaka 300 ya kazi aliyoianza Juni 1724: mfululizo wa kantata, kila moja ikijengwa juu ya korale inayojulikana na waumini, na karibu kila Jumapili mpya. Anatunga, wananakili noti, wanafanya mazoezi, wanaimba, Jumatatu anaanza tena. Mwalimu wetu aliposikia hilo alitugeukia polepole. "Na ninyi," akasema, "nikiwaletea wimbo mpya mmoja kabla ya Pasaka mnasema nawaua."

Kaburi la Bach liko mbele ya madhabahu, bamba la shaba sakafuni lenye jina lake. Mabaki yake yalikuwa kwanza katika kanisa lingine la mji huo, na bamba hili limekuwapo tangu 1950. Tulisimama kulizunguka. Mtu mmoja akaanza kwa chini, sijui nani, korale ya Mateso ambayo huimbwa kwetu Ijumaa Kuu, nasi tukaipokea kwa sauti nne, polepole, kimlimani. Watalii wakaacha kamera. Mlinzi alitusogelea, akasimama, akatuacha tumalize, kisha akatukumbusha kwa upole kwamba kuimba huombewa ruhusa.

Nje ya kanisa kuna sanamu ya Bach ya mwaka 1908, na mimi kama mhazini naipenda kuliko zote nilizoziona. Koti lake lina mfuko uliopinduliwa nje, mtupu. Mwanafunzi wa Kitanzania anayesoma Leipzig, aliyekuwa mwongozaji wetu, alisema watu wa mji hueleza kwamba ni ishara ya mtu aliyelalamikia mshahara maisha yake yote huku akilea watoto wengi. Nilimpiga Bach picha tatu. Moja nitaibandika kwenye jalada la daftari.

Kanisa la Mtakatifu Nikolai liko mwendo mfupi kutoka hapo. Ukiingia unashtuka: nguzo nyeupe zinapanda juu, na kileleni zinachanua majani ya kijani kuelekea dari. Mwongozaji alisema ni mitende. Bibi yule wa mikungu ya ndizi alitikisa kichwa. "Mitende gani? Hii ni migomba," akasema, akakaa benchi la mbele kama yuko kihambani kwake. Katika migomba hiyo, tangu mwaka 1982, watu walikutana kila Jumatatu jioni kuombea amani. Tarehe 9 Oktoba 1989 walipotoka kanisani walikuta umati, wakawa watu wapatao 70,000, wakaandamana na mishumaa mbele ya askari waliokuwa na silaha. Ukishika mshumaa kwa mkono mmoja, mwingine unakinga mwali usizimike, hivyo huna mkono wa kurushia jiwe. Hakuna risasi iliyopigwa. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ulifunguliwa. Bibi mwenyeji wangu alikuwamo katika umati ule. Aliponisimulia jioni, kwa Kiingereza chake cha maneno hamsini, alikunja mkono hivi, akinionyesha alivyoukinga mwali.

Mchana huohuo mwongozaji alitupeleka mbele ya makumbusho ya Grassi, akatuketisha kwenye ngazi. "Mnajua Leipzig kama mji wa wamishenari na Bach," alisema. "Kuna mtu wa tatu." Alikuwa Hans Meyer, wa ukoo wa wachapishaji vitabu wa mji huu, ambaye tarehe 6 Oktoba 1889 alifika kilele cha Kilimanjaro pamoja na Ludwig Purtscheller. Kilele akakibatiza jina la Kaisari Wilhelm, na kabla ya kushuka akachukua jiwe. Jiwe hilo lilikuja kugawanywa. Kipande kimoja alimpa Kaisari, naye akakiweka katika ukumbi wa jumba lake Potsdam, na kingine Meyer akabaki nacho. Baadaye sana wasanii waliofanya kazi na makumbusho haya walipanda Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote ya Ujerumani, wakakata kipande cha kilele chake, wakatangaza kwamba hawakirudishi mpaka jiwe la Kilimanjaro lirudi mlimani kwake. Vijana wetu walipiga makofi. Wazee hawakupiga.

Mimi najua kwa nini wazee hawakupiga makofi. Tukiwa njiani kwenda mazoezini kule nyumbani, tunapita karibu na mti ambao wazee huutaja. Tarehe 2 Machi 1900, Mangi Meli, chifu wetu, na viongozi wenzake walinyongwa Old Moshi kwa amri ya watawala wa Kijerumani. Simulizi ya kwetu, ambayo wajukuu wake wameishikilia, ni kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 taasisi moja ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha baadhi ya mafuvu iliyonayo na familia zilizo hai nchini kwetu. La Meli halikuwamo. Mwaka huohuo, Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa Vita vya Majimaji. Kwetu anayeomba radhi huja na jani la sale, na anayepokea sale husamehe. Lakini kusamehe ni jambo moja, na fuvu la babu kulala kabatini ni jambo lingine.

Kituo cha wamishenari cha 1896 na mti wa 1900 viko kwenye mlima mmoja. Meyer na wamishenari walitoka mji mmoja. Hilo sikulifikiri kabla ya kukaa kwenye ngazi zile.

Jumamosi wenyeji walitupeleka Borna, wakasema watatuonyesha kanisa lililosafiri. Nilidhani ni namna ya kusema. Eneo lote la kusini mwa Leipzig limechimbwa makaa ya mawe kwa miaka mingi. Vijiji vingi vilivunjwa, na mashimo mengine sasa yamejazwa maji yakawa maziwa ambamo watu wanaogelea. Kijiji cha Heuersdorf kilikuwa kimoja cha kuvunjwa, na kilikuwa na kanisa dogo la mawe la zaidi ya miaka 700, liitwalo Emau. Wakaamua lisivunjwe. Mwaka 2007 walilifunga vyuma kulizunguka, wakaliinua zima zima, likiwa na uzito wa zaidi ya tani 600, wakaliweka juu ya gari lenye magurudumu mengi, wakalisukuma barabarani kama kilomita 12. Njiani lilivuka madaraja na reli, kwa mwendo wa mtu anayetembea au chini yake. Lilifika Borna tarehe 31 Oktoba, siku ya Matengenezo.

Tuliingia. Linajaa kwa watu wachache tu. Tukaimba wimbo wa ngome kwa mwendo wetu, na kuta zile zikatujibu, zisizo na ufa wa safari.

Jumapili tarehe 23 ndiyo ilikuwa siku ya tamasha. Bibi mwenyeji alinionya mapema nisitarajie umati, kwani Jumapili ya kawaida huja watu 15 hivi, wengi wa umri wake. Miaka 40 ya serikali iliyoibana dini, kisha vijana kuhamia miji ya magharibi, imeacha makanisa mengi ya huko na mabenchi matupu. Kwetu tuna ibada mbili na bado wengine husimama nje. Lakini siku hiyo kanisa lilijaa mpaka ngazi za kinanda.

Ngoma zilipendwa, sitasema uongo. Watu walisimama, watoto wakacheza katikati ya mabenchi. Wanaume wetu watatu wanaopiga matarumbeta kwenye misiba ya Old Moshi walijiunga na kikundi cha matarumbeta cha wenyeji, na haikuchukua dakika kumi wakawa wanapiga kama waliokua pamoja, maana noti ni zilezile na hata namna ya kushusha pumzi ni ileile. Ila wakati wa wimbo wa ngome ndipo nilipoona wazee wakitoa leso. Ubeti wa mlimani uliwakuta hawakujiandaa. Mzee mmoja aliniambia baadaye kupitia Mchungaji: hivyo ndivyo mama yake alivyouimba jikoni.

Baada ya tamasha kulikuwa na kahawa na keki uani, na Mwenyekiti wetu akatangaza mnada. Wajerumani hawakujua kinachowajia. Mzee wa kwanza alinunua kikapu kwa Euro 20, akakishika. Mwenyekiti akamweleza kwamba akitaka baraka zaidi akirudishe kiuzwe tena. Akakirudisha, akiwa na uso wa mtu anayeibiwa mchana kweupe. Kiliponunuliwa mara ya pili kwa Euro 30 na kurudishwa tena, watu wakaanza kuelewa. Kikapu kimoja kiliuzwa mara nne. Bibi mwenyeji wangu alikimbia nyumbani akaleta chupa sita za jemu yake ya stroberi. Vikapu, khanga, kahawa ya Old Moshi, vyote vikaisha. Tulihesabu fedha mezani, mimi na mhazini wao, na kwaya ikaamua nusu ibaki kwa ajili ya paa la kanisa lao linalovuja. Mhazini wao alikataa, nami nikakataa kukataa kwake. Kwa miaka yote ya urafiki wetu fedha zimekuwa zikitoka huko kuja huku. Siku hiyo niliandika upande wa pili wa daftari.

Jumanne tarehe 25 tuliaga kwa machozi, basi likatupitisha Potsdam kabla ya uwanja wa ndege. Tulitaka kuuona kwa macho ukumbi ule wa jiwe. Jumba lile, Neues Palais, lilijengwa na Mfalme Friedrich wa Pili kati ya 1763 na 1769, na ukumbi wenyewe umepambwa kwa makombe na mawe kutoka pande zote za dunia. Tulishuka, tukatembea kwenye bustani ndefu, tukafika mlangoni. Umefungwa. Jumanne jumba hufungwa. Kosa lilikuwa letu: kamati ilipanga ratiba bila kuuliza. Yule mzee wa besi aliyetafuta mlima safari nzima aliweka viganja kwenye kioo cha dirisha, akachungulia gizani, akasema haoni kitu.

Tulikaa kwenye ngazi tukala mikate tuliyofungiwa. Hapo nilifungua daftari, kwa mazoea tu, na swali la Mwalimu likanirudia. Nyimbo zao tulizichukua, na wao hawakupungukiwa. Tena tuliwatunzia mwendo walioupoteza, tukawarudishia, na sisi tumebaki nao. Wimbo uko hivyo, ukimpa mtu unabaki nao. Jiwe haliko hivyo. Likishaondolewa, haliko tena Kilimanjaro. Fuvu vilevile. Na asiniambie mtu kwamba kurudisha ni kazi ngumu. Watu walioweza kubeba kanisa zima la mawe, tani 600, kwa kilomita 12 bila kulipasua, hawawezi kushindwa na jiwe la kubebwa mkononi.

Nikaandika hesabu ya kufunga safari. Nyimbo: hatudaiani. Jiwe la kilele: tunadai. Wazee wetu: tunadai. Mwenyekiti alitia saini bila kuuliza.

Uwanja wa ndege walipima mizigo. Kwa kuwa tuliuza kila kitu mnadani, tulikuwa tumebakiza kilo nyingi ambazo tulikwisha kuzilipia. Jiwe lingeenea.